Vitamini za Peniel

Jumapili ya kumuaga Peniel kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu chuo kikuu, hata wale ambao chuo chenyewe walikijua kwa kuyaona mapaa yake kutoka dirishani mwa basi la Dodoma. Walitoka kanisani wakaja moja kwa moja nyumbani kwa mzee Mathayo, wakakaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa shuleni, wakala wali na kuku, na walipokwisha kunawa ndipo maneno yakaanza. Huku Mkalama ndivyo ilivyo: kijana haondoki nyumbani na begi tupu wala masikio matupu. Kila mkubwa humtilia neno la safari, naye husimama katikati, mikono nyuma, akiitikia "ndiyo" kwa kila mmoja, hata kama neno la huyu linapingana na la yule.

Mchungaji alimwambia asiache ibada. Mjomba wake akamwonya kuhusu wasichana wa mjini, tena kwa kirefu, mpaka shangazi mmoja akamwuliza yeye mambo hayo alijifunzia wapi. Watu wakacheka. Kisha akasimama mwalimu Leonidas, ambaye pale uani ndiye peke yake aliyewahi kulala hosteli ya chuo, na yeye hakuwa na mafumbo. Peniel awahi kufika, ajisajili kabla foleni hazijawa ndefu. Fedha ya mkopo ikiingia, asiikimbize kwenye simu na viatu. Anunue kwanza unga, mafuta na maharage ya muhula mzima. Akae mbele darasani. Atafute mitihani ya miaka iliyopita kwa waliomtangulia. Asisome peke yake kama mchawi.

"Na la mwisho," mwalimu akasema. "Kule huna mama. Ndugu yako ni yule unayelala naye chumba kimoja. Siku ya kwanza tu mwambie wewe ni nani, na kama kuna kitu mwilini kinakusumbua, mwambie pia. Mimi mwenzangu alikuwa na pumu. Alituambia, ndiyo maana leo yuko hai."

Watu wakaitikia kwamba hilo ni neno. Rahabu, mama yake Peniel, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na sufuria mkononi. Alimtazama mumewe. Mathayo alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ilipofika zamu ya Rahabu, hakuwa na mengi. Alisema alilofundishwa na mama yake mzazi, naye alikuwa analiamini kwa moyo wote. "Mwanangu, usiwe mchoyo. Hata kama ni karanga moja, mgawie unayeishi naye. Mchoyo hana wa kumlilia." Wanawake wakampigia vigelegele. Lilikuwa neno zuri, hakuna aliyebisha, na hata leo ukimwuliza mtu atakuambia ni neno zuri.

Mathayo ndiye aliyefunga. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya chini aliyezoea kusikilizwa. Alimshukuru Mungu, akawashukuru watu, akamgeukia mwanawe na kumwambia sentensi moja tu: ya nyumbani yabaki nyumbani.

Wageni walipoondoka na mabenchi yalipokwisha kurudishwa, Mathayo aliwaita ndani mkewe, Peniel, na dada yake Peniel, Ritha. Akafunga mlango ingawa jua lilikuwa bado liko juu.

Jambo lenyewe lilikuwa kifafa. Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba hiyo. Tangu Peniel alipoanguka mara ya kwanza akiwa mtoto wa shule ya msingi, wao walisema "mgeni". Mgeni amekuja. Mgeni ameondoka. Walimpeleka kliniki ya mbali, Singida mjini, wakiipita zahanati ya kijiji kana kwamba hawaioni, ili asije akatokea jirani wa kuwauliza wanatibu nini. Vidonge vya kliniki vilimsaidia kweli. Tangu alipoingia sekondari mgeni alikuwa hajapiga hodi, na kijiji kizima kilimjua Peniel kama kijana mzima mwenye akili nyingi.

Safari hii palikuwa na sababu ya kufunga mlango zaidi. Ritha alikuwa ameposwa na Leonard, kijana wa Mandewa, ambaye baba yake, mzee Nathan, alikuwa na mashine ya kukamulia alizeti. Watu wa Mandewa walikuwa wameshatuma mtu wa kuuliza ukoo, na kila mtu anajua kinachoulizwa: kuna uchawi, kuna ukoma, kuna kifafa? Binti anaweza kuwa na tabia ya malaika. Jibu likiwa "ndiyo" kwa moja kati ya hayo, washenga hawaonekani tena.

Mathayo alisema wakwe wanakuja Jumatano, kwa hiyo Peniel asubiri, wamwone kwa macho yao. Kijana mrefu, mzima, anayekwenda chuo kikuu. Ushahidi gani mwingine wangetaka?

"Baba, usajili unaanza kesho," Peniel akasema. "Na vitanda vya kule ni dabo deka. Vya chini vinawahiwa."

"Kitanda ni kitanda."

Rahabu akasema kwamba hapana, baba Ritha, kitanda si kitanda. Mtoto huyu alale chini. Akikuta vimechukuliwa, aombe. Mathayo akamwuliza aombe kwa sababu gani, na Rahabu akatafuta sababu, akaikosa.

Ndipo Mathayo akatoa mfukoni chupa aliyoinunua mjini, chupa ya plastiki yenye picha ya machungwa na neno VITAMINI kwa herufi kubwa. Vitamini zenyewe alikuwa ameshazimwaga. Kuku wa uani ndio waliozifaidi. Ndani ya chupa alimimina vidonge vya kliniki, vidogo, vyeupe, vya muhula mzima, ambavyo Rahabu alikuwa amembembeleza nesi mpaka akampa kwa mkupuo. Akakaza kifuniko. "Ukiulizwa, ni vitamini."

Peniel akaicheka ile chupa, akamwambia baba yake ana akili kuliko maprofesa. Ritha naye akacheka, kwa kuona mzigo umepungua. Rahabu alicheka pia. Ukweli ni kwamba wote wanne waliiona kuwa ni akili nyingi.

Wakwe walikuja Jumatano, wakala, wakamwona. Mzee Nathan alimshika Peniel bega kama mtu anayepima gunia, akamwuliza anakwenda kusomea nini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Keshoye Peniel alipanda basi akiwa na begi, godoro lililoviringishwa, ndoo ya unga wa uwele, kifuko cha mlenda mkavu na chupa yake.

Kwa wiki za mwanzo alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Rahabu alikuwa akienda kusimama karibu na tanki la maji, mahali ambapo mtandao unakamata vizuri, na baada ya salamu swali lake lilikuwa moja.

"Mgeni?"

"Hajafika, mama."

Habari nyingine alizipata kwa vipande. Masomo ni magumu lakini anayaweza. Mlenda wake umewashangaza watu wa pwani. Chumbani wako wanne, na anayelala chini yake anaitwa Stanley, mtu wa Kilimatinde, mcheshi sana. Rahabu akauliza, anayelala chini yako? Peniel akamweleza kwamba alikuta vya chini vimekwisha. Alimwomba Stanley wabadilishane. Stanley akamwuliza kwa nini. "Nikakosa la kusema, mama. Nikacheka tu, nikapanda juu." Rahabu alirudi nyumbani siku hiyo bila kumwambia mumewe, maana alijua angejibiwa kwamba kitanda ni kitanda.

Mwezi wa Desemba, wakati Mathayo na vibarua wako bondeni kwenye vitunguu na Ritha anashonesha sare za harusi, Peniel alipiga siku ambayo haikuwa Jumapili. Alizunguka kwanza. Aliuliza habari za mbuzi, akauliza mvua. Kisha akasema, "Mama, unaweza kuniongezea zile vitamini? Nitumie hata kwa basi."

Rahabu alishtuka. Alimwuliza zinakwishaje wakati alipewa za muhula mzima. Anakunywa mbili mbili? Mgeni amekuja, anamficha?

"Hapana, mama. Zinapungua tu." Akacheka ule mcheko wake wa puani. "Si ulisema nisiwe mchoyo."

Rahabu hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa, alikasirika. Alimwambia dawa si karanga za kutafuna ovyo, na kwamba nesi alishamwonya asirudi kabla ya tarehe. Avumilie mpaka mwisho wa mwezi, atakapokwenda mjini kununua vitambaa vya Ritha, atapitia kliniki. Kijana akasema sawa, mama. Hakubishana. Alikuwa mtoto wa kusema sawa, na laiti angekuwa na kiburi kidogo pengine tungekuwa tunasimulia mengine.

Mwisho wa mwezi haukufika. Ilikuwa Jumamosi mchana, katikati ya majaribio ya muhula, ambapo wanafunzi wanakesha mpaka macho yanakuwa mekundu. Peniel alirudi kutoka maktaba akapanda kitandani kwake kupumzika. Simu iliyomfikia Mathayo bondeni ilisema mwanawe ameanguka na yuko hospitali. Alipofika Dodoma pamoja na mjomba, alioneshwa chumba cha maiti.

Mwili ulirudishwa kwa gari la chuo, kupitia Manyoni na Singida, na wanafunzi watatu nyuma pamoja na jeneza. Rahabu alilia mpaka sauti ikakauka, na wanawake waliomzunguka wakalia naye, maana mtoto wa chuo kijijini si wa mtu mmoja. Aliyemshangaza ni mumewe. Mathayo alishuka garini akamvuta hadi nyuma ya ghala, akaongea kwa Kinyiramba, kwa haraka, bila machozi, kama mtu anayetoa taarifa.

Daktari alikuwa amemwuliza kama mtoto alikuwa na historia ya kuanguka. Mathayo akajibu hapana. Mlezi wa wanafunzi naye akamwuliza vilevile, kwa upole, kalamu mkononi. Akajibu hapana, mtoto alikuwa mzima. Mjomba alikuwapo na hakujua kitu, akaongezea kwamba ukoo wao hauna magonjwa. "Alikuwa amelala palepale, mama Ritha," Mathayo akasema. "Amefunikwa shuka, miguu inaonekana. Na mimi nasema hapana." Hapo ndipo akashika ukuta wa ghala.

Stanley ndiye aliyebeba begi la marehemu. Alikuwa kijana mfupi, macho yamevimba. Alipiga magoti mbele ya mkeka wa Rahabu, akasema shikamoo mama, akabaki hapohapo magotini baada ya kuitikiwa, hata alipoambiwa akae. Rahabu akawaomba wanawake wawapishe kidogo.

Alitoa vitu kimoja kimoja. Mashati, daftari, Biblia, ndoo ya unga ikiwa na unga kidogo chini. Kisha chupa ya machungwa.

"Na hizi vitamini zake, mama. Peniel hakuwa na roho ya uchoyo kabisa. Siku ya kwanza tulipoziona tukamwomba, akasita sita, tukamwambia wewe mkuu mbona mbahili, akatoa. Tangu hapo kila tukiwa na testi tunamwomba, chumba kizima, na wa jirani. Tulidhani zitatusaidia kichwa." Akajaribu kutabasamu. "Wala hazikusaidia. Zilitupa usingizi tu. Tulikuwa tunamtania kwamba kauziwa feki."

Rahabu alifungua kifuniko. Vilivyobaki vilikuwa vichache, na havikuwa vizima. Vilikuwa nusunusu, vimekatwa kwa wembe, vingine robo. Mtoto wake alikuwa akigawanya alichobakiwa nacho ili kifike mwisho wa mwezi, kama mama yake alivyomwagiza.

Aliifunga chupa taratibu. Stanley, aliyekuwa ameinamisha kichwa, hakuona kitu. Alikuwa na lake. Akasema kwamba yeye ndiye aliyemuua Peniel. Kitanda cha chini kilikuwa chake. Kijana wa watu alimwomba siku ya kwanza kabisa, kwa adabu, naye akamwuliza kwa nini, kana kwamba ni kitanda cha baba yake. Na alipoanguka, akapiga kichwa kwenye sakafu, akawa anatetemeka na povu mdomoni, yeye Stanley hakumshika. Alirudi nyuma mpaka mlangoni. Tangu utotoni aliambiwa povu la namna ile linaambukiza. Alisimama pale akiangalia mpaka wa jirani walipokuja.

"Mama, alikuwa anaumwa nini? Daktari anasema baba kasema haumwi kitu. Basi kama haumwi kitu, ni kuanguka tu, na ni mimi."

Rahabu alimwekea mkono kichwani. Alijua angemjibu nini, na alijua waliokuja kutoka Mandewa wamekaa wapi: chini ya turubai, viti vya mbele, mzee Nathan na Leonard na wazee wao wawili.

Akaenda kumwambia mumewe kwamba atasema. Mathayo hakupiga kelele, alimwomba. Alisema mmoja ameshakwenda na maneno hayatamrudisha, wasimzike na wa pili. Ritha alikuwa amewafuata nyuma ya ghala, kanga kichwani, pua inavuja. Alikuwa akimpenda mdogo wake. Alikuwa akimpenda Leonard pia, na alikuwa na miaka ambayo kijijini wameshaanza kumwita dada kwa sauti ya kumhurumia.

"Mama, nakuomba," akasema. "Ngoja niolewe kwanza. Nikishaondoka hapa sema utakavyo. Peniel mwenyewe angekubali, unajua angekubali."

Rahabu alijua. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba Peniel angesema sawa.

Mazishi yalikuwa alasiri. Mwalimu Leonidas alisoma wasifu wa marehemu, wa maisha mafupi ambayo hayakujaza hata ukurasa, na alipofika mahali pa kifo akasoma alivyoandikiwa na familia: alianguka kitandani kwa bahati mbaya. Mwalimu alisita kidogo baada ya maneno hayo. Akakunja karatasi.

Kisha akaitwa mwakilishi wa wanafunzi kutoa salamu. Stanley alisimama mbele ya watu wote, karibu na jeneza, akaanza vizuri, kwa niaba ya serikali ya wanafunzi na kadhalika, na katikati akapotea. Akasema watu wamsamehe. Akasema kitanda kilikuwa chake. Kwamba Peniel alikiomba, yeye akakataa.

Minong'ono ikaanza upande wa wanaume. Mjomba wa Peniel, yuleyule wa kuonya kuhusu wasichana, alikuwa amekunywa kidogo kwa uchungu, akasema kwa sauti, "Kumbe ni huyu." Mwingine akauliza, hukumpa kwa nini? Kitanda tu? Mtoto wa mwenzako? Vijana wawili wa ukoo wakasimama. Stanley hakurudi nyuma. Alisimama vilevile, mikono inaning'inia, kama mtu aliyekuja kufuata hicho hasa.

Rahabu akasimama kutoka kwenye mkeka. Kwao mama mfiwa hasemi kaburini. Hukaa, hushikwa, hulia. Wanawake walidhani anakwenda kuanguka juu ya jeneza, wakamshika mikono, naye akaitoa mikono yao mmoja mmoja.

"Mwacheni huyo mtoto," akasema. "Peniel alikuwa na kifafa."

Vijana wawili wa ukoo wakakaa tena. Rahabu aliendelea kwa sauti iliyokauka, hakuitafuta sauti nzuri. Alisema alikuwa nacho tangu darasa la tatu. Alisema wao wazazi ndio waliomkataza kusema, wakamfundisha kucheka akiulizwa. Angesema angepewa kitanda, na angeshikwa alipoanguka. Mwalimu Leonidas alimwelekeza vizuri mbele ya wote, na wao usiku haujaingia wakamfuta maneno ya mwalimu masikioni. "Huyu kijana hakumnyima mwanangu kitu. Sisi ndio tuliomnyima."

Mzee mmoja nyuma alitamka ile methali ya mficha maradhi, kwa sauti ya chini, kama vile hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia. Rahabu aliijua tangu shule ya msingi; Mathayo alikuwa akiitumia kwenye mafundisho ya kipaimara. Lakini methali haimwozeshi binti, ndiyo maana watu huisema msibani.

Mathayo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia magotini. Watu walimgeukia kumwangalia kama atakana. Akainuka kwa shida, akatembea mpaka aliposimama mkewe, akakaa kwenye mkeka wa wanawake miguuni pake, mzee wa kanisa, mbele ya watu wote.

Mzee Nathan alishika koleo kama wanaume wengine, akatupia udongo mpaka kaburi likajaa. Alikuwa mtu wa adabu. Kisha akanawa mikono, akampa Mathayo pole, akasema safari ni ndefu, akaingia garini na watu wake, bila kula. Huku kwetu kuondoka msibani bila kula ni barua tosha. Leonard aligeuka mara moja kabla ya kupanda. Ritha aliona akigeuka, na aliona akipanda.

Asubuhi wanafunzi walijiandaa kurudi Dodoma. Rahabu alimkuta Ritha nyuma ya jiko, amechuchumaa, anasugua masufuria makubwa ya msiba kwa majivu. Alimsalimia. Ritha hakuitikia wala hakuinua uso. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwa nguvu, sufuria linalia, na Rahabu akasimama pale kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Stanley aliwakuta hivyo. Alikuja kuaga, begi begani, na uso wake ulikuwa umefunguka kidogo, alikuwa amelala. Alimshukuru Rahabu kwa alilolisema. Akasema akifika chumbani atawaambia wenzake wote kwamba povu haliambukizi, mwalimu Leonidas amemweleza, na kwamba kila anayeingia chumba kile ataulizwa kwanza anaumwa nini, kabla hata ya jina. Akapiga hatua kuondoka. Kisha akarudi.

"Mama. Mtu wa kifafa huwa ana dawa."

"Ndiyo."

"Za kunywa kila siku."

Rahabu akaitikia kwa kichwa. Aliona swali linavyokuja kutoka mbali, na aliona uso ule uliofunguka unaanza kufungika tena. Chupa ilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake, chini ya kanga. Jana alikuwa ameapa moyoni kwamba hatamficha mtu kitu tena mpaka afe.

"Zile vitamini, mama," Stanley akasema. "Zile tulizokuwa tunamwomba."

"Zilikuwa vitamini, baba. Dawa zake alikuwa anaziweka kwingine."

"Lakini zilikuwa zinatupa usingizi. Na ndani zilikuwa zimekatwa." Akapiga hatua moja karibu. "Mbona azikate?"

Rahabu hakuwa na kipaji cha kudanganya. Uongo wote wa nyumba ile ulikuwa ukitungwa na mumewe. Nyuma yake sufuria lilinyamaza. Akaogopa. Ritha aliijua ile chupa, alikuwapo ilipojazwa, na alikuwa na kila haki duniani ya kusema ukweli, maana ukweli ndio uliomnyang'anya mume jana.

"Ni vitamini," Ritha akasema. Alikuwa ameinuka, majivu mpaka kwenye viwiko. "Nilimnunulia mimi mjini, za bei rahisi. Zilikuwa feki, hata muuzaji ameshafunga duka. Alizikata kwa sababu nilimwambia nzima zinaumiza tumbo."

Stanley alimwangalia Ritha. Kisha pumzi ikamtoka, ndefu, mabega yakashuka. Akasema asante, dada. Akashika miguu ya Rahabu, akaondoka, na baadaye wakasikia gari la chuo likishuka kuelekea Nduguti.

Rahabu alikwenda chooni, akafungua chupa, akavimimina vidonge vyote shimoni, akaitupa na chupa yenyewe. Aliporudi, Ritha alikuwa ameshachuchumaa tena na anasugua palepale alipoachia, machozi yanadondokea kwenye majivu. Rahabu akafunga kanga kiunoni, akachota majivu kiganjani, akachuchumaa upande wa pili wa sufuria. Masufuria yalikuwa ya kanisa na yalitakiwa kurudi kabla ya saa sita.